Kunde, mtama, mbaazi au stilo: mbegu gani kwa uwazi mdogo ndani ya miombo ya Lubumbashi?

Anayeuliza swali hili mara nyingi ana kipande cha msitu kando ya shamba lake, tuseme njia ya Likasi au ya Kipushi, kilichosalimika na mashoka ya wachoma makala. Ndani yake kuna uwazi: tanuru la zamani la makala, au shamba la mihogo lililoachwa miaka michache iliyopita. Kanga bado wanapita asubuhi. Nsya, yaani swala wadogo wa msituni, mmoja au wawili wanaacha alama za kwato kwenye tope. Mwenye kipande anataka wanyama hao wabaki, naye anajiambia: nikipanda kitu hapo, watapata sababu ya kukaa.

Ni wazo jema, na mbegu za kulifanikisha zipo. Shida ni kuchagua. Marekani, ambako watu hupandia kulungu wao vishamba vya msituni, desturi ni klova, oti na rai, zinazopandwa joto linapoanza kupungua ili ziwe mbichi wakati wa baridi. Kwao baridi huja na unyevu. Kwetu baridi ya Juni huja na ukavu, udongo ukiwa mgumu kama tofali. Klova inataka unyevu na udongo usio na asidi nyingi, vitu viwili ambavyo msitu wetu hauna mwezi huo. Kwa hiyo naziacha mbegu hizo kwa wenyewe, nazungumzia nne zinazoweza kuota hapa bila kumwagiliwa: kunde, mtama, mbaazi na stilo.

Mambo ya kupima kabla ya kununua mbegu

La kwanza ni mwezi, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wengi tunapokosea. Kwetu mvua hushika Novemba na kukatika kati ya Machi na Aprili, jumla yake takriban milimita 1,200 kwa mwaka. Januari na Februari msitu umejaa: majani, wadudu, uyoga, matunda ya masuku yanaanguka chini. Mnyama hana njaa. Kishamba kinachopendeza Februari kinamfurahisha mwenye shamba kuliko mnyama. Njaa huja Juni, Julai na Agosti, nyasi zikiwa zimekauka au zimeungua na miti ikipukutisha majani. Halafu Septemba miombo hufanya jambo lake la ajabu: huchipua majani mapya, mengine mekundu, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, na wanyama wanaokula majani wanapata nafuu. Basi swali la kwanza kwa kila mbegu ni hili: mwezi wa saba itakuwa imebaki na nini cha kuliwa?

La pili ni mwanga. Ingia kwenye uwazi wako siku ya jua, saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uone kivuli kimelala wapi. Usikate miti mikubwa ili kupata jua zaidi. Miti hiyo ndiyo inayolea vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, ndiyo yenye masuku na mupundu, na hakuna kunde itakayolipa pengo la mti wa matunda uliokwisha kukomaa. Uwazi utumike kama ulivyo.

La tatu, udongo. Wetu mwingi ni mwekundu, una asidi, na fosforasi yake ni haba. Lakini hauko sawa kila mahali. Pale palipokuwa na tanuru la makala, majivu yamepunguza asidi na kuongeza potasi. Udongo wa vichuguu vile vikubwa, vinavyofika mita tano na zaidi, una kalisi nyingi na asidi kidogo. Wakulima wa hapa wanajua kuuchukua na kuutawanya shambani. Chukua kwenye kichuguu kilichokwisha kubomolewa, kwa sababu kilicho hai kina miti na wanyama wake. Na kama kipande chako kiko upande ambao moshi wa kuyeyusha shaba umeupiga kwa miaka mingi, kama Penga-Penga, usipande chakula cha kiumbe yeyote kabla udongo haujapimwa. Majani hubeba vumbi la metali, na mengine huvuta metali kwa mizizi.

La nne, moto. Kila kiangazi moto hupita miombo. Mmea wa mwaka mmoja unakuwa umekwisha kufanya kazi yake. Mmea wa miaka kadhaa unahitaji mkanda uliofyekwa na kukwanguliwa kuuzunguka, angalau mita tatu, mwezi wa tano kabla nyasi hazijawa kiberiti.

La tano hulisikii kwa wauza mbegu: je, mbegu hii inakusanya wanyama mahali pamoja au inawatawanya? Kishamba kinachokusanya wanyama kinakusanya na mitego. Mwaka wa pili wa kunde zangu nilikuta waya nne zimefungwa kwenye ukingo, kila mmoja kwenye kinjia cha nsya. Mimi ndiye niliyewazoesha kupita pale. Tangu siku hiyo ninapima kila mbegu kwa swali hilo.

La mwisho ni kazi na upatikanaji wa mbegu. Hesabu zote hapa chini ni za kipande cha mita 25 kwa 20, yaani ari tano.

Kunde

Mwanga na udongo. Hii ndiyo mvumilivu kuliko zote. Imezoea kukaa chini ya mahindi, kwa hiyo kivuli cha nusu siku haiuawi nacho, ingawa maganda hupungua. Udongo maskini inaukubali, nayo hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Maji yaliyotuama ndiyo yanayoiua.

Kupanda. Kilo moja na nusu hadi mbili zinatosha ukimwaga kwa mkono na kufukia kwa jembe kidogo. Kunde za chakula za Soko la Kenya, hapa Lubumbashi, huota vizuri kama hazijatobolewa na wadudu. Tarehe ndiyo siri. Mwaka wa kwanza nilipanda mwishoni mwa Novemba, nikifuata mahindi. Februari maganda yakaiva katikati ya mvua, yakaota ukungu, na hakuna aliyekula. Panda katikati ya Januari, au hata mwishoni. Aina nyingi huiva kwa siku 60 hadi 90, kwa hiyo maganda yatakauka mvua ikikatika.

Chakula na mwezi wake. Majani mabichi tangu Februari kwa nsya na sungura, kisha punje kavu chini kuanzia Aprili kwa kanga, kwale na njiwa. Kufikia Juni imekwisha. Hilo ndilo pengo lake kubwa. Anayetaka majani yabaki mabichi mbele zaidi ajaribu fiwi, ndugu yake mwenye mizizi mirefu, inayopandwa vivyo hivyo lakini Desemba.

Kasoro. Inakusanya wanyama kweli kweli. Tena binadamu naye anapenda majani yake: majirani watachuma mboga, na sioni haki ya kumkatalia mama anayetafuta mboga ya kulia bukari (ugali). Ukipanda kunde, panda za kuwatosha wote.

Inamfaa nani. Anayeanza, mwenye pesa kidogo, anayelala karibu na kishamba chake na kukikagua mara kwa mara. Na anayetaka kurutubisha udongo kabla ya kupanda kitu cha kudumu.

Mtama

Mwanga na udongo. Masaka, kama wengi wetu tunavyoiita, inataka jua. Chini ya miti hurefuka bila nguvu na suke lake huwa tupu. Iweke katikati ya uwazi au usiipande. Ukame inauvumilia kuliko mahindi, lakini kwenye udongo mwekundu usio na kitu itahitaji majivu, samadi au udongo wa kichuguu.

Kupanda. Nusu kilo inatosha, kwa mistari ya sentimita 75, mwezi wa Desemba. Palizi mbili. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: mkulima huchagua mtama wa punje za kahawia nyeusi kwa sababu ndege hawaupendi, una ukakasi. Wewe unataka kinyume chake. Tafuta punje nyeupe.

Chakula na mwezi wake. Punje tu, kuanzia Aprili. Lakini mashina yakiachwa yasimame, masuke huendelea kudondosha punje kidogo kidogo, na ukilaza mistari miwili kila wiki mbili unaweza kuwafikisha kanga hadi Julai. Katika hili mtama unazishinda kunde. Mashina makavu pia ni maficho ya vifaranga wa kwale.

Kasoro. Mtama mchanga, hasa ulio chini ya nusu mita au uliochipua upya baada ya kukatwa au kupigwa na ukame, hutoa sumu ya sianidi tumboni mwa mnyama anayecheua. Mbuzi hufa nayo, na nsya naye hucheua. Kwa hiyo usiukate ukitumaini machipukizi yawe majani ya kula. Nguruwe pori na nyani watakuja, na wakimaliza kwako watapita kwa jirani. Kama shamba la mahindi la mtu liko chini ya mita mia chache, fikiri mara mbili.

Inamfaa nani. Mpenda ndege mwenye uwazi mpana na wenye jua, asiye na mashamba ya watu karibu. Kwa nsya mtama hautoi kitu.

Mbaazi

Nikiri mapema kwamba huu ndio mmea ninaoupenda, na msomaji apunguze sifa zangu kidogo kwa sababu hiyo.

Mwanga na udongo. Inataka jua la kutosha, lakini kwa kuwa ni kichaka cha mita mbili hadi nne, ikikaa ukingoni mwa uwazi huupata mwanga wake juu ya nyasi. Mizizi huenda chini sana, na ndiyo maana majani yake hubaki mabichi wakati kila kitu kimekauka. Haitaki maji yaliyotuama. Dambo, lile bonde la nyasi lenye maji, si mahali pake.

Kupanda. Gramu 250 hadi 300 tu: mashimo mita moja kwa nusu mita, mbegu mbili kila shimo, mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba. Miezi miwili ya kwanza hukua polepole mno hata utadhani imekufa. Usipopalilia wakati huo, nyasi zitaimeza. Usipoizungushia matawi ya miiba, nsya ataikata ikiwa na majani manne. Baada ya hapo haina tena haja nawe.

Chakula na mwezi wake. Hapa ndipo inapoziacha nyingine. Aina ndefu za kienyeji husubiri siku zifupike ndipo zitoe maua. Kwa hiyo, hata ukiipanda Novemba, maua huja kama Mei na Juni, maganda Julai na Agosti. Ni miezi ile ile ya njaa. Maua ya manjano huwapa nyuki kazi wakati wa baridi, nsya hula majani na maganda mabichi, ndege huokota punje. Na kwa sababu vichaka vinasimama peke peke, wanyama hawajazani sehemu moja. Mtegaji hajui afunge waya wapi. Uangalie usinunue aina fupi iliyozalishwa kwa biashara. Ile haingojei siku fupi, itaiva mapema katikati ya neema.

Kasoro. Si rahisi kuipata hapa mjini. Wanaoijua zaidi ni wenye ndugu Zambia au Tanzania. Moto huiua kabisa. Mchwa huila ikizeeka, na kuna ugonjwa wa mnyauko unaokausha kichaka kizima ndani ya siku chache. Ihesabie miaka mitatu, minne, kisha panda upya mahali pengine.

Inamfaa nani. Mwenye subira ya miezi saba, mwenye mizinga ya nyuki, na yule asiyeweza kufika kwenye kipande chake kila wiki, mradi moto aweze kuuzuia.

Stilo

Wataalamu huiita Stylosanthes guianensis. Ni mmea wa jamii ya kunde kutoka Amerika ya Kusini, wafugaji wanaujua kama majani ya ng'ombe.

Mwanga na udongo. Udongo wenye asidi na fosforasi haba, unaoitesa mimea mingine, ndio nyumba yake. Kama uwazi wako ni mwekundu mtupu na huna majivu wala samadi, hakuna kati ya hizi nne itakayokushukuru kama stilo. Kivuli chepesi inakubali; kizito hapana.

Kupanda. Gramu 200 hadi 250. Punje ni ndogo sana, na ganda lake gumu halipitishi maji, kwa hiyo zisugue kwanza kwa mchanga mkavu. Kwangua nyasi zote, changanya mbegu na mchanga, mwaga Desemba, kanyaga kwa miguu. Usifukie zaidi ya sentimita moja. Mwaka wa kwanza huonekana kama haijapandwa kitu. Mwaka wa pili hufunika ardhi.

Chakula na mwezi wake. Majani, na majani tu kwa sehemu kubwa. Hudumu mbichi mbele ya nyasi, hadi katikati ya kiangazi, kisha huanza kukakamaa. Sungura na nsya huila. Kanga hukwangua wadudu chini yake.

Kasoro. Mbegu ni shida: aina nzuri ni zile zinazostahimili ugonjwa wa chule, kama CIAT 184, na si kila mfuko wenye jina la stilo una hiyo. Moto huichoma, ingawa mbegu zilizodondoka udongoni zinaweza kuota tena. Na si mmea wa hapa. Iweke kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa, si ndani ya msitu ambao haujaguswa.

Inamfaa nani. Mwenye udongo mbaya kuliko wote, asiyetaka kupanda kila mwaka, anayejali wanyama wanaokula majani kuliko ndege.

Na kutopanda kabisa?

Kuna chaguo la tano ambalo halina mfuko wala bei. Visiki vya miombo huchipua vyenyewe vikiachwa. Ukizungusha mkanda wa kuzuia moto kwa misimu minne mitano, ukapunguza machipukizi ya kila kisiki yabaki mawili matatu, na ukalinda miche ya masuku na mupundu, umelisha wanyama kwa miaka mingi kuliko mfuko wowote. Ni polepole. Lakini uwazi ulio chini ya ari mbili, uliozungukwa na visiki hai, sioni sababu ya kuupandia kitu kingine.

Mbegu yenyewe

Pima kabla ya kulima. Funga punje 50 kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke ndani kwa wiki moja, kisha hesabu. Zikiota chini ya 30, ongeza kipimo au rudisha mfuko. Niliwahi kulima ari nane kwa mbegu za duka moja mjini nisizozipima. Zikaota kama nywele za kipara, huku na kule. Jambo la hatari zaidi ni mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au ya kijani. Kanga hawazitambui. Punje zikibaki juu ya udongo zinaweza kuua kundi. Kwa kazi hii nunua mbegu zisizo na dawa.

Ukikwama juu ya aina, Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kituo cha Kipopo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ni mahali pa kwenda kuuliza. Tena ardhi iwe yako au ya wenye ruhusa: ndani ya hifadhi za taifa za Upemba na Kundelungu hupandi kitu. Na kishamba hakikupi haki ya kuwinda wanaokuja kula. Sheria ya uwindaji ya 1982 na ile ya kuhifadhi mazingira asilia ya 2014 zinabaki pale pale.

Kwa hali yako

Uwazi una jua siku nzima, uko mbali na mashamba ya watu, na moyo wako uko kwa kanga na kwale: mtama mweupe katikati, kunde za Januari kuuzunguka.

Kivuli nusu siku, mara ya kwanza kupanda, mfuko mwepesi: kunde au fiwi, na uwe unapita pale.

Tanuru la zamani la makala: anza na kunde mwaka mmoja, kisha mbaazi ukingoni. Majivu yale yasipotee bure.

Udongo mwekundu mtupu uliochoshwa na mihogo: stilo, au kunde miaka miwili kwanza kama mbegu ya stilo haipatikani.

Unafuga nyuki: mbaazi, na mkanda wa moto usikose hata mwaka mmoja.

Unaishi mjini, unafika mara moja kwa mwezi, na umewahi kuokota waya msituni: usipande kunde wala mtama. Mbaazi zilizotawanywa, au acha visiki vichipue.

Na kama bado hujui nani anapita hapo, usinunue chochote msimu huu. Mwezi wa sita fagia ukanda wa mchanga wa upana wa mita moja kuvuka uwazi, ukaangalie asubuhi nyingi uwezavyo. Kwato ndogo zilizochongoka ni za nsya. Vidole vitatu mbele ni kanga au kwale. Ukikuta na viatu vya mtu saa kumi na mbili asubuhi, hapo napo umejua jambo kabla ya kumwaga punje ya kwanza.